Pikipiki ya mbio huzeeka zaidi ikiwa imeegeshwa

Mtu akienda kutazama pikipiki ya mbio ya miaka ya tisini, swali lake la kwanza karibu kila mara ni hili: imetembea kilomita ngapi? Muuzaji analijua swali hilo, ndiyo maana tangazo lake huanza na tarakimu za mita kabla ya kutaja hali ya tairi au breki. Yenye kilomita 15,000 hupandishwa bei, yenye 70,000 hukimbiwa. Mazoea haya yametoka kwenye biashara ya vyombo ambavyo bado ni vichanga, ambako kilomita hupima uchakavu vizuri. Kwa pikipiki iliyokwisha kufikisha miaka 25 au 30, kipimo hicho hupotosha, na wakati mwingine huhatarisha maisha. Kinachoimaliza mashine ya umri huo ni miaka yenyewe, hasa ile iliyokaa bila kutembea. Anayetaka kuimiliki na kudumu nayo aanzie hapo, katika kuichagua, katika kuitunza na katika kuamua fedha yake ya kwanza iende wapi.

Chukua Honda CBR900RR, ile inayojulikana kama Fireblade, iliyoingia sokoni mwaka 1992. Mhandisi Tadao Baba na wenzake waliunda pikipiki ya sentimita za ujazo 893, yenye nguvu za farasi zipatazo 120, wakaubana uzito wake hadi kilo 185 kabla ya kujazwa mafuta na maji, wakati washindani wake wa daraja la 1,000 walikuwa wakiuzidi kwa zaidi ya kilo 20. Yamaha ilijibu mwaka 1998 kwa YZF-R1, na mashindano hayo ya viwanda vya Japani yakaacha urithi wa pikipiki nyingi ambazo leo zinauzwa kwa sehemu ndogo ya bei ya mpya. Injini hizi za silinda nne hupozwa kwa maji, na kranki zake huzunguka ndani ya beringi zinazolishwa oili kwa pampu, hivyo injini ikishashika moto, chuma na chuma hutenganishwa na utando wa oili. Oili ikibadilishwa kwa wakati, uchakavu wake huwa mdogo sana, na nyingi zimepita kilomita 100,000 bila kufunguliwa. Sasa piga hesabu ya Fireblade ya mwaka 1993 ambayo mita yake inasoma kilomita 15,000. Imetembea wastani wa chini ya kilomita 500 kwa mwaka. Katika nchi kama Uingereza, ambako pikipiki iliyozidi miaka mitatu kwa kawaida hukaguliwa kila mwaka na kilomita zake kuandikwa katika kumbukumbu ambayo mnunuzi anaweza kuisoma mwenyewe mtandaoni, si jambo geni kukuta miaka kadhaa mfululizo ambayo tarakimu hazikusogea kabisa. Muuzaji huiita hiyo sifa. Fundi makini akisoma kumbukumbu hiyo huanza kujiuliza ni vitu vingapi vimeoza.

Maana vinavyooza ni vingi, na havihitaji safari ili vioze. Anzia kwenye breki. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 4 hunyonya unyevu kutoka hewani, kupitia mipira na kila mara kifuniko kinapofunguliwa. Yakiwa mapya, kiwango kinataka yasichemke chini ya nyuzi joto 230. Yakishanyonya maji ya takriban asilimia 3.7, kiwango hicho kinashuka hadi nyuzi 155. Joto hilo si la kutafuta kwa mwendeshaji anayeshuka mlima akiwa na mashine ya kasi hii. Mafuta yakichemka hutoa mvuke, mvuke hubanika, na mkono wa breki unafika kwenye usukani bila gurudumu kushikwa sawasawa. Unyevu huohuo huleta kutu ndani ya kalipa hadi pistoni zake zikagoma kurudi, na pedi zikaendelea kuikwaruza disiki barabara nzima. Viwanda vinalijua jambo hili, ndiyo sababu vitabu vya mwongozo vya Yamaha huagiza mafuta ya breki yabadilishwe kila miaka miwili, pamoja na mipira ya ndani ya masta silinda na ya kalipa, na paipu za breki kila miaka minne. Agizo hilo halitaji kilomita. Kwa anayekaa Mombasa, Tanga au Unguja, ambako hewa imejaa unyevu na chumvi mwaka mzima, ni bora kuuchukulia muda huo kuwa ndio mwisho kabisa.

Tairi nazo ni vivyo hivyo, na hapa mnunuzi ana bahati, kwa sababu tarehe imeandikwa. Ubavuni mwa tairi, mwishoni mwa herufi za DOT, kuna kisanduku kidogo chenye tarakimu nne. Ikiwa zinasomeka 0308, tairi hiyo ilitengenezwa wiki ya tatu ya mwaka 2008. Inaweza kuwa na kina kizuri cha michirizi, nyeusi na inayong'aa, na bado mpira wake ukawa umekauka kiasi cha kutoshika lami, hasa asubuhi ya baridi au mvua inapoanza kunyesha. Michelin hushauri tairi zikaguliwe na fundi kila mwaka baada ya miaka mitano ya matumizi, na ziondolewe zikifika miaka kumi hata kama zinaonekana nzima. Pikipiki yenye kilomita chache ndiyo yenye uwezekano mkubwa wa kuwa bado na tairi hizo kongwe, kwa sababu hazikupata nafasi ya kulika. Fireblade za mwanzo zina mtego wa ziada: gurudumu lao la mbele ni la inchi 16, la kipimo cha 130/70, wakati karibu pikipiki zote za mbio zilizofuata hutumia inchi 17. Tairi za inchi 17 zipo za kila aina, za inchi 16 ni za kutafuta. Uliza upatikanaji wake kabla hujatoa hata malipo ya awali.

Petroli ina habari yake. Pikipiki nyingi za mbio za kabla ya mwaka 2000 zina kabureta nne, moja kwa kila silinda, na ndani ya kila kabureta kuna jeti ndogo ya mwendo wa chini ambayo tundu lake halifiki nusu milimita. Petroli ikilala humo miezi kadhaa, sehemu zake nyepesi huyeyukia hewani na kuacha utando wa kunata wa rangi ya kahawia, ambao huziba tundu hilo. Pikipiki itawaka kwa shida, itakataa kusimama kwenye silensa, kisha itaamka ghafla ukiongeza mafuta. Kuzifungua kabureta nne, kuzisafisha na kuzilinganisha kwa geji za mvuto wa hewa ni kazi ya siku nzima ya fundi anayejua anachofanya. Petroli yenye ethanoli imelikuza tatizo, kwa kuwa ethanoli huvuta maji na hushambulia mipira ya zamani ambayo haikuundwa kuivumilia. Uingereza ilipofanya mchanganyiko wa hadi asilimia 10 kuwa petroli ya kawaida mwaka 2021, wenye vyombo vya kabureta walishauriwa kuendelea na ule wa asilimia 5.

Upande wa umeme, kagua mahali pamoja kabla ya pengine popote. Katika Honda nyingi, nyaya tatu za manjano hutoka kwenye koili inayozalisha umeme na kuungana na rektifaya kwa soketi ya plastiki. Ikiwa plastiki hiyo imegeuka kahawia au imeyeyuka pembeni, vichwa vya nyaya vimepata kutu, na joto linakaribia kuiua rektifaya na betri pamoja nayo. Weka mita kwenye betri, pandisha injini hadi mizunguko 5,000 kwa dakika: ukisoma volti kati ya 13.5 na 15, chaji iko sawa. Kipimo hicho hakimalizi dakika tano, na humwokoa mtu asibaki njiani usiku.

Kuna watakaopinga hoja hii, na pingamizi lao la kwanza ni la haki. Kilomita nyingi huchakaza kweli. Mnyororo wa kamshafti hulegea na kifaa chake cha kuukaza huchoka, nafasi za valvu hubadilika, beringi za shingo ya usukani hujichimbia vishimo, gia ya pili huanza kuruka kwa wenye mguu mzito. Hakuna fundi atakayelikana hilo. Lakini uchakavu wa aina hii hujitangaza. Mnyororo uliolegea hugonga ukiusikiliza injini ikiwa baridi. Beringi ya shingo utaihisi ukiinua gurudumu la mbele na kuugeuza usukani taratibu. Gia inayoruka itajulikana katika majaribio ya kilomita chache. Mpira uliozeeka ndani ya paipu ya breki hausemi kitu. Mafuta yaliyojaa maji huonekana ya kawaida mpaka yapate joto. Ducati 916 ya mwaka 1994, kazi ya Massimo Tamburini ambayo wengi huihesabu kuwa pikipiki nzuri kuliko zote zilizopata kuundwa, huendesha valvu zake kwa mikanda ya mpira, na ushauri wa miaka mingi umekuwa mikanda hiyo ibadilishwe kila miaka miwili hata kama pikipiki haikutoka gereji. Ukikatika mmoja, pistoni hugongana na valvu, na injini ile ya thamani inageuka vyuma chakavu kwa sekunde moja. Kati ya kasoro inayosikika na kasoro iliyonyamaza, mnunuzi mwenye busara ataikubali ya kwanza na kuipunguzia bei.

Wengine husema wanaiwasha kila Jumapili, kwa hiyo haijalala. Kuiwasha dakika tano mahali ilipo kunaidhuru. Petroli inapoungua hutoa mvuke wa maji, na injini isipopata joto la kutosha mvuke huo hugeuka matone ndani ya oili na ndani ya bomba la moshi, ukila chuma kutoka ndani. Betri nayo hutoa umeme mwingi kuizungusha injini kuliko inaourudishiwa kwa muda huo mfupi. Kama huwezi kuitembeza nusu saa barabarani, iache imezimwa na uiunganishe na chaja ndogo. Akitaka kuilaza miezi mingi, mwenye mali amwage petroli yote iliyomo katika kabureta, abadilishe oili kabla ya kuilaza, wala asingoje siku ya kuiamsha.

Pingamizi zito kuliko yote linahusu usalama: kwa nini mtu ahangaike na mashine isiyo na ABS, mfumo unaozuia magurudumu kujifunga breki zinapobanwa, wakati pikipiki mpya zinao? Fireblade haikupata ABS hadi mwaka 2009, na Ulaya iliifanya ya lazima kwa pikipiki zote mpya zinazozidi sentimita za ujazo 125 kuanzia mwaka 2017. Ni kweli kwamba teknolojia hii huokoa watu, na anayejifunza kuendesha asianzie kwenye farasi 120 za mwaka 1992. Lakini kwa mwendeshaji mzoefu, ukweli huohuo unaiongezea hoja yangu nguvu. Mashine isiyo na kompyuta ya kumrekebishia kosa humtegemeza mtu kwenye tairi, mafuta ya breki, paipu, pedi na shokapu, vitu vilevile ambavyo miaka huviharibu kimyakimya na wenye pikipiki huviahirisha ili wanunue bomba la moshi lenye sauti kali. Kwa bei ya bomba hilo mtu angepata tairi mbili mpya.

Gharama ya kuvibadilisha vyote hivi ni kubwa, lakini inajulikana mapema. Orodha yake inaweza kuandikwa kwenye karatasi moja na kukatwa kwenye bei kabla ya kukabidhiana fedha, na vitu hivyo bado vinatengenezwa. Bodi za plastiki za asili, tangi lisilo na bonde na fremu isiyopinda ndivyo adimu, kwa hiyo mnunuzi aviangalie hivyo kwa jicho kali. Kwa upande wa ufundi, Afrika Mashariki haijaanzia patupu: fundi wa bodaboda anayesafisha kabureta na kubadilisha cheni na sproketi kila siku ana msingi mzuri. Kinachoongezeka ni kabureta tatu zaidi, kitabu cha mwongozo cha pikipiki yenyewe, na spana ya kupimia nguvu ya kukaza boliti. Mpe kitabu hicho, na umlipe muda wa kukisoma.

Kwa hiyo ukienda kununua, ichague ile yenye kilomita 60,000 na faili nene la risiti za sevisi kuliko ile ya 12,000 iliyofunikwa shuka miaka kumi na minane. Na kama tayari unayo, isome ile tarehe ya ubavuni mwa tairi kabla hujapanda tena. Ikiwa imezidi miaka kumi, iache pikipiki hapo ilipo mpaka tairi mpya zifungwe.