KUPUNGUZA KILO MBIOMBIO KUNAFUNGULIA UGONJWA MULANGO

Ndugu mufanyakazi, labda wewe mwenyewe unacheza ngumi ao judo, ao ni mutoto wako. Unajua sheria: kila muchezaji anapimwa kwenye mizani, kisha anapigana na mwenzake wa kilo sawa. Katika judo ya wanaume kuna kilo 60, 66, 73, 81, 90, 100, na wale wanaopita 100. Mwenye kilo 70 anatamani kushuka mpaka 66 ili akutane na watu wadogo. Basi anaacha kula, anaacha kunywa, anakimbia juani na nguo nzito ili atoe jasho. Kilo zinapungua, ni kweli. Lakini kinga ya mwili nayo inapungua.

Juu ya nini?

Mwili una askari wake: chembe nyeupe za damu, zinazoua mikrobi. Askari hao wanataka chakula. Mutu akifunga kula na huku anafanya mazoezi makali, mwili unatoa kortisoli nyingi, na hiyo inalegeza askari. Tena mate yanalinda kinywa na koo. Mutu aliyekauka ana mate kidogo.

Katika uchunguzi uliotolewa mwaka 2011, wachezaji wa judo wa Japani waliopunguza kilo mbele ya mashindano walipimwa damu. Aina fulani za chembe nyeupe zilikuwa zimepungua, na waliolalamika kichwa, mafua na kikohozi waliongezeka. Na kwenye mukeka watu wanashikana ngozi kwa ngozi: ugonjwa wa mumoja unapita kwa mwingine.

Kukauka peke yake kunaweza kuua. Mwaka 1997, huko Marekani, wanafunzi watatu wa mieleka walikufa katika majuma matano wakitafuta kushusha kilo.

Fanya hivi:

1. Punguza polepole, nusu kilo mpaka kilo moja kwa juma, munganga akijua.
2. Usiache maji, zaidi wewe unayetoka zamu kwenye joto.
3. Usimeze dawa za kukojoza. Zimekatazwa katika michezo.
4. Kila mutu na kikombe chake na kitambaa chake cha kujipangusa. Oga mara baada ya mazoezi.
5. Mwenye homa asipande ulingoni, aende lopitali.

Na wewe mama, mutoto anayekua asinyimwe chakula kwa ajili ya mizani. Afazali apigane katika kilo zake, akiwa muzima. Medali itatafutwa tena mwaka kesho. Afya haiuzwi kantini.