Filamu za walozi: kabla ya kuogopa, ninauliza ushahidi uko wapi

Jumamosi jioni, umeme ukiwapo, nyumbani kwetu Bukavu hakuna mabishano juu ya kitakachotazamwa. Watoto wanataka filamu ya kutisha. Dada yangu anakataa kwanza, kisha anakuja kukaa nyuma kabisa karibu na mlango, kitenge mdomoni, na ndiye wa mwisho kwenda kulala. Mimi nimetazama filamu za aina hii kwa zaidi ya miaka 20: za Marekani, za Nigeria, na chache zilizopigwa hapa kwetu Congo. Sizioni kuwa upuuzi, wala sikubaliani na wanaosema Mkristo hapaswi kuzitazama. Lakini kuna swali moja ninaloiuliza kila filamu, na nyingi kati ya zile zinazopendwa hapa zinaanguka kwa swali hilo. Huyu anayeitwa mlozi, nani amehakikisha?

Tuanze na ile ambayo karibu kila mtu anaijua. The Exorcist ya William Friedkin ilitoka mwaka 1973, na watu wanaikumbuka kwa kichwa kinachozunguka na matapishi ya kijani. Mimi kilichonitisha zaidi ni hospitali. Regan, msichana wa miaka 12, anaanza kubadilika, na mama yake hakimbilii kanisani. Anampeleka kwa madaktari. Wanamlaza, wanamchoma sindano shingoni, damu inaruka, mashine inapiga kelele, wanatafuta ugonjwa katika ubongo na hawauoni. Wanafuata madaktari wa akili. Ni wao wanaotaja padri, tena kama jaribio la mwisho.

Na padri mwenyewe haamini. Padri Karras alisomea magonjwa ya akili, na jambo la kwanza analofanya ni kumpima mtoto. Anamnyunyizia maji akisema ni ya baraka, kumbe ni maji ya bomba tu. Msichana anapiga kelele kama anayeungua. Katika filamu nyingi za kwetu, hapo ndipo kwaya ingeanza kuimba, shetani ameonekana. Karras anafikiri kinyume: kama maji ya bomba yanamchoma, basi huenda huyu ni mgonjwa. Anaendelea kutafuta, anarekodi sauti, anasikiliza kanda, na hata anaposadiki inabidi ruhusa ya askofu. Mwishoni mapadri wawili wanakufa na mtoto anabaki hai. Katika filamu nzima hakuna mtu anayemwambia Regan kwamba yeye ni mbaya.

Sasa weka kando yake zile filamu za maombi ambazo tunanunua sokoni au tunapeana kwa kadi ya memori. Dakika ya 10 mtoto ana homa. Dakika ya 20 nabii anafunga macho na kuona bibi. Hakuna muuguzi, hakuna kipimo cha malaria, hakuna hata jirani anayeuliza mtoto amekula nini. Bibi anakana, na kukana kwake ndiko kunamhukumu. Halafu filamu inatuonyesha kwa picha kwamba nabii alisema kweli: bibi anageuka bundi, anaruka usiku, anakutana na wenzake chini ya mti. Hapo mtazamaji hana tena nafasi ya kutia shaka, maana ameona kwa macho yake.

Sisemi Wanigeria ndio wabaya. Filamu iliyofungua njia yao inanifurahisha mpaka leo. Living in Bondage, iliyotengenezwa na Kenneth Nnebue mwaka 1992 kwa lugha ya Igbo, inasimulia habari za Andy, mwanaume anayetaka utajiri wa haraka kama marafiki zake. Anaingia katika chama cha siri na kumtoa mke wake Merit kama kafara. Pesa zinakuja. Lakini Merit naye anakuja, marehemu, anasimama mbele yake pale anapotaka kusherehekea. Ni picha za kanda ya video, taa mbaya, sauti mbaya, na bado inatisha, kwa sababu tunajua alichokifanya Andy. Tulikuwapo. Na kidole kinaelekezwa kwa tajiri, si kwa mjane maskini wa mwisho wa barabara.

Get Out ya Jordan Peele, ya mwaka 2017, iko upande huo pia, hata kama ni ya aina nyingine kabisa. Kijana mweusi anakwenda kutambulishwa kwa wazazi wa mpenzi wake mzungu, wanampokea kwa tabasamu, na polepole tunaelewa tabasamu hilo linataka nini. Jambo ambalo Wamarekani wengi hawakulipata: filamu inafunguliwa na wimbo wa Kiswahili, Sikiliza Kwa Wahenga, uliotungwa na Michael Abels. Wahenga wanamwonya kijana akimbie. Mtu wa Goma au Uvira aliyekaa mbele ya televisheni ameonywa mapema kuliko mtu wa New York. Peele alipata tuzo ya Oscar ya uandishi kwa filamu hiyo mwaka 2018.

Upande wa pili kabisa iko End of the Wicked ya mwaka 1999, iliyoandikwa na mhubiri Helen Ukpabio na kuongozwa na Teco Benson. Watoto wanaingizwa katika ulozi, wanatoka usiku, wanaharibu jamaa zao. Watetezi wa haki za watoto nchini Nigeria waliishutumu kwamba iliongeza tuhuma dhidi ya watoto, Ukpabio alikana. Mimi nitasema tu nilichokiona kama mtazamaji: ni filamu ambayo mtoto ukimtazama baada yake, unamtazama kwa jicho lingine. Na hilo ninalijua vizuri, kwa maana mimi mwenyewe niliwahi kutoka katika nyumba ya video na jicho la namna hiyo.

Nilikuwa na miaka 11. Kulikuwa na nyumba moja ya video huko Kadutu ambapo tulilipa franka 50 na kukaa juu ya mabenchi, tumebanana. Filamu ilikuwa ya Nigeria, kwa Kiingereza, na kijana mmoja alikuwa akitafsiri kwa kipaza sauti, kwa Kiswahili chetu cha Bukavu, akitia na chumvi yake. Bibi wa filamu alipotokea, kijana alisimamisha picha. Akasema: “Muangalie macho yake vizuri. Mulozi utamujua kwa macho mekundu.” Nyumba nzima ikanyamaza. Miaka mingi baadaye niliikuta filamu hiyohiyo, sasa ninasikia Kiingereza, nikaitazama mpaka mwisho. Hakuna mtu ndani yake anayesema neno lolote juu ya macho. Kijana alilitunga palepale.

Kwenye avenue yetu kulikuwa na mama mzee, mjane, aliyekaanga maandazi kila asubuhi kabla ya watoto kwenda masomo. Alipika kwa kuni katika kibanda kisicho na dirisha. Macho yake yalikuwa mekundu, kama ya kila mwanamke anayefanya kazi ile miaka 30. Jumatatu mmoja wetu alimwita mulozi kwa sauti ya chini. Jumatano tulikuwa tunatupa mawe juu ya mabati yake. Mimi nilitupa mawili. Wiki chache baadaye mtoto mchanga wa jirani alifariki, na neno letu la kitoto likaingia katika vinywa vya watu wazima. Wakaenda kuuliza kwa mwanamke mmoja wa chumba cha maombi, na jibu lilikuwa lile walilokwenda nalo.

Hakuuawa. Binti yake alikuja kumchukua usiku, wakaondoka na mizigo michache. Karai la maandazi lilibaki katika kibanda mpaka mtu akalichukua. Filamu peke yake haikumfukuza: kulikuwa na kifo, kulikuwa na maneno ya zamani, na nadhani kulikuwa na mtu aliyetaka kile kiwanja. Lakini sura ambayo tulimvika, sisi watoto, tuliitoa katika nyumba ya video.

Wengine hawakupata binti wa kuwachukua usiku. Mwaka 2021, katika Kabare, Kalehe na Walungu, wanawake wazee waliuawa baada ya kutuhumiwa ulozi, na wakaaji wa Kivu Kusini wanajua sehemu ya bajakazi katika mambo hayo. Kwa watoto sheria iko wazi. Katiba yetu, katika kifungu cha 41, inakataza kumtuhumu mtoto ulozi. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya kulinda mtoto, kifungu cha 160, inampa mwenye kumtuhumu kifungo cha mwaka 1 hadi 3, pamoja na faini. Kifungu hicho kinamtaja mtoto. Yule mama wa maandazi hakimtaji.

Sitabishana hapa kama ulozi upo au haupo. Rafiki zangu wengi wanaamini upo, na filamu nzuri ya kutisha haiwalazimishi kuacha kuamini. Inachofanya ni kuchelewesha hukumu. Mfano ninaoupenda kuliko yote ni The Sixth Sense ya M. Night Shyamalan, ya mwaka 1999. (Asiyeitazama asiwe na wasiwasi, siri ya mwisho siisemi.) Cole, mtoto wa miaka tisa, anaona wafu. Anaficha jambo hilo hata kwa mama yake, kwa sababu anaogopa mama atamwona kuwa kituko. Ana alama mwilini, anazungumza peke yake, wenzake shuleni wanamtukana. Kwetu mtoto wa namna hiyo angefungiwa katika chumba cha maombi, siku tatu bila chakula. Cole anapata mtu mzima anayeketi naye na kumsikiliza.

Halafu kuna msichana marehemu anayemtokea Cole, anatapika, anampa kanda ya video. Cole anaipeleka kwa baba wa msichana, siku ya matanga. Kwenye kanda inaonekana jinsi mama wa msichana alivyokuwa akitia kitu katika chakula cha mtoto. Sisi tunaoishi na hofu ya karuho, sisi ambao tunashuka na glasi yetu mkononi hata kwenye sherehe ya ndoa, tunapaswa kuitazama sehemu hiyo mara mbili. Mzimu wenyewe haukutosha. Mwandishi wa filamu alijua kwamba huwezi kusimama katikati ya waombolezaji na kusema “ni huyu” kwa sababu umeota. Alileta kanda.

Wacongomani wawili wameingia katika jambo hili kwa mlango wa nyuma, wakitoka upande wa watuhumiwa. Wa kwanza ni Rachel Mwanza. Katika Rebelle ya Kim Nguyen, raia wa Canada, iliyopigwa Kinshasa, anacheza Komona, msichana anayechukuliwa na waasi na kulazimishwa kuwaua wazazi wake. Anaona wafu msituni, wamepakwa rangi nyeupe, wamesimama tu. Hakuna muziki wa kukushtua, hakuna meno. Waasi wanamfanya mchawi wao kwa sababu wafu wanamwonya adui akikaribia, lakini wazazi wake hawataki vita, wanataka kuzikwa. Mwaka 2012 Mwanza alipewa Dubu wa Fedha kule Berlin, tuzo ya mwigizaji bora wa kike. Kabla ya filamu aliishi barabarani Kinshasa, amefukuzwa nyumbani akiitwa mlozi. Nikilijua hilo, siwezi tena kuitazama sura yake kama uigizaji mtupu.

Wa pili ni Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi, ambaye jina lake lenyewe watu wengi wanalisikia kama “walozi”. Filamu yake Augure ilipata tuzo ya sauti mpya katika kundi la Un Certain Regard kule Cannes mwaka 2023. Koffi, aliyepelekwa Ulaya akiwa amebandikwa jina la zabolo, anarudi kumwonyesha mchumba wake kwa jamaa. Anambeba mtoto wa dada yake, pua inatoka damu, tone linaanguka kwa mtoto. Basi. Sherehe imekwisha. Watu wazima wanapiga kelele kama ambao wamepata hatimaye kile walichokuwa wanakingoja. Nimetazama filamu za mashetani zaidi ya mia, na tone hilo la damu liliniumiza tumbo kuliko zote. Si filamu nyepesi: ina wahusika wanne wakubwa, inaruka kutoka kwa mmoja hadi mwingine, na katikati nilipotea kidogo. Nilirudi kwa ajili ya Mama Mujila, mama wa Koffi, ambaye mwanzoni nilimchukia.

Mwezi uliopita niliiweka The Sixth Sense nyumbani. Mpwa wangu wa miaka 10 alijificha nyuma ya mto wakati wa msichana anayetapika, kama kawaida. Lakini aliyemsumbua ni mwingine. Karibu na mwisho, ndani ya gari lililokwama barabarani, Cole anamweleza mama yake kwamba bibi aliyefariki anakuja kumwona, na anamletea ujumbe ambao mama peke yake angeweza kuuelewa. Mama analia. Mpwa wangu akatoa kichwa nyuma ya mto.

“Yule bibi ni mulozi?”

Dada yangu, kule karibu na mlango, ndiye aliyejibu: “Apana. Ni bibi tu. Alimumiss mutoto yake.”

Mtoto akafikiri kidogo, kisha akaomba turudishe nyuma mpaka pale ndani ya gari.