Je, Wajua Sasisho la Simu Hupita Mikononi mwa Nani?

Mwezi Julai 2012, Galaxy Nexus mbili zilizowekwa mezani mjini New York zingemtatiza hata muuzaji mzoefu. Zote ziliundwa na Samsung kwa ushirikiano na Google, na zote zilikuwa na kioo kilekile kilichopinda kidogo. Lakini moja, iliyouzwa bila kufungwa kwenye mtandao wowote, ilianza kupokea Android 4.1 mwezi huohuo. Ya pili, iliyouzwa na kampuni ya Verizon, ilisubiri hadi Septemba. Android 4.2 ilipotoka Novemba, ya kwanza ikaipata. Ya Verizon ikapitwa na toleo hilo, ikaja kupewa 4.2.2 mwezi Machi 2013.

Jambo hili liliwauma wanunuzi kwa sababu Nexus ndilo jina ambalo Google ilizipa simu zake za mfano, zile zilizotarajiwa kupata Android mpya kabla ya nyingine zote. Kama hizo zilisubiri, mwenye simu ya kawaida alikuwa na matumaini gani?

Sasisho la mfumo, au apdeti kama wengi tunavyosema, lina safari ndefu. Google ikishamaliza toleo jipya, mtengenezaji wa chipu, tuseme Qualcomm au MediaTek, huandaa programu zinazoiwezesha chipu yake kufanya kazi na toleo hilo: za kamera, za redio, za kuchora picha kwenye kioo. Akiamua kutoihangaikia chipu ya zamani, mara nyingi safari huishia hapo, hata kama simu bado ina nguvu. Mtengenezaji wa simu huipokea kazi hiyo, akaongeza sura yake na programu zake, akajaribu. Ndipo, hasa nchini Marekani ambako simu nyingi huuzwa na kampuni za mitandao, kampuni hizo hupewa zamu yao.

Huko wahandisi huhakikisha kwamba simu ya dharura ya 911 inapita. Huhama kutoka mnara hadi mnara mazungumzo yakiendelea, huangalia simu inavyoutafuta mtandao ikiupoteza, hukagua ujumbe wa sauti. Likipatikana kosa, sasisho hurudishwa kwa mtengenezaji, na likisharekebishwa, majaribio huanza tena. Sababu ya ukaguzi huu ni ya haki kabisa. Maelfu ya simu zinazokosea namna ya kuomba nafasi kwenye mnara zinaweza kuwavurugia mawasiliano watu wasio na hatia, na simu ya dharura isiyopita inaweza kugharimu uhai wa mtu.

Galaxy Nexus ya Verizon ilikuwa na fundo jingine. Verizon ilitumia teknolojia ya CDMA, na baadhi ya programu zilizoendesha mawasiliano hayo ndani ya simu hazikuwa huria. Zilitakiwa kubeba sahihi ya kidijitali inayolingana na ile ya mfumo mzima, kwa hiyo mtu wa nje asingeweza kuchukua Android mpya, kuijenga mwenyewe na kutarajia simu ipige. Mapema mwaka 2012 Google iliziondoa simu za CDMA kwenye orodha ya vifaa ilivyovihudumia kikamilifu katika mradi wake wa programu huria. Mnunuzi aliyelipia simu ya mfano akajikuta na kitu ambacho hata aliyekibuni hakuwa na mamlaka kamili juu yake.

Mwenye iPhone hakuyapitia haya. Apple ilipoingia sokoni mwaka 2007 pamoja na AT&T, ilishikilia kwamba programu ya simu ni yake, na kampuni ya mtandao haitakuwa mlinzi wa mlango. Mpaka leo mitandao ina faili dogo tu la mipangilio yake ndani ya iPhone. Kuanzia iOS 5, mwezi Oktoba 2011, sasisho liliweza kushuka moja kwa moja hewani bila kuichomeka simu kwenye kompyuta, na liliwafikia wateja wa mitandao tofauti siku moja. Minara ilikuwa ileile, na 911 ileile. Kwangu huo ni ushahidi mzito kwamba miezi mingi ya kusubiri ilitokana na mikataba kuliko ugumu wa kazi yenyewe.

Juhudi za kuivunja foleni hii hazikukosekana. Mwezi Mei 2011 Google ilisimama jukwaani mjini San Francisco ikatangaza muungano wa watengenezaji na mitandao mikubwa, wakiahidi simu mpya zipate masasisho kwa miezi 18 tangu zitoke. Muungano huo ulififia bila matokeo ya maana. Mwaka huohuo Microsoft ilichapisha jedwali la simu za Windows Phone lililoonyesha, mtandao kwa mtandao, sasisho lilikuwa limefika hatua gani: linajaribiwa, linapangiwa ratiba au linasambazwa. Ulikuwa uwazi wa kupongezwa, ingawa uwazi peke yake haukuifupisha foleni. Kilichosubiriwa na wengi wakati huo kilikuwa uwezo wa kunakili maneno na kuyabandika, jambo dogo tu.

Julai 2015 likaja jambo kubwa. Mtafiti Joshua Drake wa kampuni ya Zimperium alifichua kasoro katika Stagefright, sehemu ya Android inayoshughulikia video na sauti. Ujumbe wa picha uliotengenezwa kwa hila uliweza kumfungulia mhalifu mlango wa simu, wakati mwingine kabla mwenyewe hajaugusa. Google ilikuwa imeshapokea marekebisho kabla ya tangazo hilo, lakini mamia ya mamilioni ya simu hayakuwa na njia ya haraka ya kuyapata. Hapo ndipo kusubiri kulipoacha kuwa kero ya wapenda teknolojia. Kiraka kikishatangazwa, wahalifu nao hukisoma na kujua tundu lilipo, na kila wiki ya foleni huwa wiki ya hatari. Agosti mwaka huo Google ilianza kutoa viraka vya usalama kila mwezi.

Dawa ya kudumu zaidi ilitoka kwa wahandisi. Awali mfumo wa Android na programu za chipu vilishonwa pamoja. Kubadilisha kola kulimaanisha kuifumua kanzu nzima. Mradi ulioitwa Treble, uliokuja na Android 8.0 mwaka 2017, uliweka mpaka rasmi kati ya sehemu hizo mbili, ili mtengenezaji aweze kubadilisha mfumo bila kumrudia mtengenezaji wa chipu kwa kila jambo. Android 10, mwaka 2019, ikaongeza hatua nyingine: baadhi ya vipande vya mfumo, vikiwemo vile vinavyoshughulikia video na sauti ambako kasoro ya Stagefright ilijificha, vikaanza kusasishwa kupitia Google Play, pasipo kungoja sasisho zima. Katika hatua zote hizi, hiyo ndiyo ninayoithamini kuliko zote.

Mabadiliko hayo yalifungua njia kwa ahadi ambazo miaka kumi nyuma zingeonekana ndoto. Google iliahidi miaka 7 ya masasisho kwa Pixel 8 mwaka 2023, na Samsung ikafanya hivyo kwa Galaxy S24 mwanzoni mwa 2024.

Afrika Mashariki hadithi ina sura yake. Simu zetu nyingi hununuliwa dukani zikiwa wazi, zina nafasi mbili za laini, na kampuni ya mtandao haina la kuamua juu ya sasisho. Foleni ya Verizon hatukuijua, lakini ile ya mtengenezaji tunaijua vizuri, hasa kwa simu za bei nafuu ambazo toleo zilizotoka nalo kiwandani huweza kuwa ndilo la mwisho. Na ndani ya simu hizohizo kuna M-Pesa, programu za benki na picha za vitambulisho vyetu. Ukifungua mipangilio, sehemu ya kuhusu simu, utaiona tarehe ya kiraka cha usalama. Tarehe hiyo inaeleza hali ya simu kuliko idadi ya kamera zilizo nyuma yake.

Uingereza, tangu Aprili 2024, sheria inamtaka mtengenezaji atangaze muda wa chini ambao simu yake itapata masasisho ya usalama. Umoja wa Ulaya, kuanzia tarehe 20 Juni 2025, unataka masasisho yapatikane kwa angalau miaka 5 baada ya aina hiyo ya simu kuacha kuingizwa sokoni. Mnunuzi wa Kariakoo au wa barabara ya Luthuli jijini Nairobi naye anastahili kuisoma tarehe ya mwisho ya masasisho kwenye boksi, kwa herufi kubwa, kabla hajatoa pesa yake.