Kutoka Biashara ya Mafuta Hadi Kiti cha Bunge

Barabara itokayo bandari ya Mombasa, ikapanda hadi Nairobi na Kampala, ikashuka Masaka na kuingia Mbarara, ndiyo iliyoilisha Rwanda mafuta kwa miaka mingi. Nchi hiyo haina pwani wala reli, na kila pipa la petroli, dizeli au mafuta ya taa lililokwenda Kigali kwa njia hiyo lilipita katika mji huu wa maziwa na ndizi kabla ya kufika mpakani. Mwaka 1979, vita vya kumwondoa Idi Amin vilipoifunga njia, Rwanda nzima iliona taabu. Basi mtu aliyeshika biashara ya mafuta katika nchi ya namna hiyo hakuwa mchuuzi wa kawaida.

Mmoja wa watu hao alikuwa Bwana Valens Kajeguhakwa, mfanyabiashara wa Gisenyi, mji uliopo ukingoni mwa Ziwa Kivu, mkabala na Goma. Habari yake inastahili kusimuliwa kwa kuanzia Ankole, ingawa yeye hakuzaliwa huko wala hakukulia huko. Utajiri wake ulitegemea barabara ya Uganda. Na siasa iliyompeleka Bungeni ilikulia katika makazi ya wakimbizi yaliyo jirani na Mbarara.

Kusini-mashariki ya Mbarara, katika nyanda ambazo leo ni Wilaya ya Isingiro, lipo ziwa dogo liitwalo Nakivale, na kando yake yapo makazi ya wakimbizi yenye jina hilohilo. Yalifunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1950 na kutambuliwa rasmi mwaka 1960, na ni miongoni mwa makazi ya zamani kuliko yote katika Afrika. Waliofikia hapo mwanzo walikuwa Wanyarwanda, wengi wao Watutsi, waliokimbia mauaji yaliyoanza Novemba 1959. Walikuja na ng'ombe wao, lakini bonde lilikuwa na mbung'o. Mfugaji aliyezoea kuhesabu heshima yake kwa mifugo alijikuta akipokea mgao wa unga na kujifunza kushika jembe.

Katika nyanda hizohizo ilikuwapo kambi ya Nshungerezi, walikokulia watoto wawili ambao majina yao yangejulikana baadaye: Fred Rwigyema na Paul Kagame. Watoto wa makazi hayo walisoma shule za Uganda, wakasema lugha za Uganda, na bado wakaitwa wageni. Oktoba 1982 maofisa na vijana wa chama tawala cha UPC katika Ankole waliwafukuza Wanyarwanda mashambani mwao, nyumba zikachomwa, ng'ombe wakaporwa. Maelfu kwa maelfu walisongamana Nakivale na Oruchinga. Maelfu wengine walivuka mpaka, na mwezi uliofuata Rwanda ikaufunga. Hapana shaka mwaka huo ndio uliowapeleka vijana wengi msituni kwa Yoweri Museveni. Aliposhika Kampala Januari 1986, kati ya askari wake wapatao 14,000 inakisiwa kwamba 3,000 walikuwa Wanyarwanda.

Wakati watoto wa Nakivale wakipigana vita vya nchi nyingine, Bwana Kajeguhakwa alikuwa Gisenyi akiuza mafuta. Yeye ni Mtutsi aliyebaki nyumbani, na yafaa kueleza kubaki huko kulimaanisha nini. Chini ya Rais Juvénal Habyarimana, aliyetawala tangu 1973, nafasi za Watutsi shuleni na katika kazi za serikali zilipimwa kwa mgao. Jeshi lilikuwa limefungwa kwao. Bunge la siku hizo, lililoitwa Baraza la Taifa la Maendeleo, lilikuwa na wajumbe 70, na katika hao Watutsi walikuwa wawili tu. Lakini mlango wa biashara uliachwa wazi. Mtutsi mwenye akili ya hesabu aliweza kujenga, kukopa benki, kuagiza bidhaa na kutajirika, alimradi asiulizie mambo ya utawala.

Kajeguhakwa alipita mlango huo na kufika mbali. Alikuwa na vituo vya mafuta na jina kubwa, na kwa muda alikuwa karibu na wakubwa wa nchi. Gisenyi haukuwa mji wowote tu: ndiko walikotoka Rais mwenyewe, mkewe na kundi la jamaa waliokuwa na sauti kuliko mawaziri. Tajiri wa Kitutsi katika mji huo alikuwa kama mpangaji katika nyumba ya mwenye mali. Kodi yake ilikubaliwa, bali neno lake juu ya paa linalovuja halikutakiwa.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 mambo yaliharibika. Bei ya kahawa, zao lililoiletea Rwanda fedha za kigeni, ilianguka mwaka 1989. Njaa ilipita kusini. Kanali Stanislas Mayuya, aliyetajwa kuwa huenda angemrithi Rais, aliuawa Aprili 1988. Katika hali hiyo Kajeguhakwa alifanya jambo ambalo wafanyabiashara huliogopa: alitoa fedha zake kuligharimia gazeti.

Gazeti hilo liliitwa Kanguka, maana yake "Amka", na mhariri wake alikuwa Vincent Rwabukwisi. Lilisema juu ya ulaji wa fedha za umma na ukubwa wa watu wachache, na likanunuliwa sana. Wenye madaraka walijibu kwa njia ya werevu mbaya. Mei 1990 lilitokea gazeti jingine, likifanana nalo kwa sura na kwa jina: Kangura, yaani "Waamshe". Mhariri wake, Hassan Ngeze, alikuwa naye mtu wa Gisenyi, na aliwahi kulifanyia kazi Kanguka lenyewe.

Desemba 1990 Kangura lilichapa amri kumi lilizotaka kila Mhutu azifuate. Nyingi huzikumbuka amri hizo kwa yale yaliyosemwa juu ya wanawake wa Kitutsi, lakini moja ilihusu biashara waziwazi. Ilimwita msaliti Mhutu yeyote atakayeshirikiana na Mtutsi katika biashara, atakayemkopesha au kukopa kwake, au atakayempa leseni ya kuagiza bidhaa, mkopo wa benki au kiwanja. Kwa hiyo ule mlango mmoja uliokuwa wazi nao ulitakiwa ufungwe. Miaka 13 baadaye, Desemba 2003, mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha ilimtia Ngeze hatiani kwa makosa ya kimbari na kumpa kifungo cha maisha. Rufani ya 2007 ilikipunguza kuwa miaka 35. Rwabukwisi hakuiona hukumu hiyo. Aliuawa Kigali Aprili 1994.

Kajeguhakwa hakungoja. Agosti 1990 alifika Uganda pamoja na Pasteur Bizimungu, Mhutu aliyekuwa mkurugenzi wa shirika la umeme, maji na gesi la Rwanda. Walikutana na viongozi wa Rwandan Patriotic Front, RPF, chama kilichoundwa Kampala mwaka 1987 na wakimbizi. Habari waliyoileta ilikuwa moja: utawala wa Habyarimana umeoza kwa ndani, na ukisukumwa utaanguka.

Mkutano huo ni wa kutafakari. Upande mmoja walikuwapo wana wa Nshungerezi na Nakivale, makamanda wenye bunduki, lakini wengi wao hawakuwa na kumbukumbu ya Rwanda ila ile waliyosimuliwa na mama zao jioni. Upande wa pili alikuwapo tajiri aliyejua bei ya kila kitu Kigali na nani anadaiwa na nani. Kila upande ulikuwa na kile ambacho mwenzake alikikosa. Isitoshe, mwezi huohuo wabunge wa Uganda walikuwa wakibishana juu ya maskwota katika ranchi za magharibi, na msimamo ulioibuka ni kwamba asiye raia hastahili kumiliki ardhi hizo. Rwigyema alikuwa amekwisha kuondolewa katika unaibu waziri wa ulinzi tangu 1989. Milango ilikuwa ikifungwa pande zote mbili za mpaka.

Tarehe 1 Oktoba 1990 askari wa Kinyarwanda walitoka katika jeshi la Uganda, wakatumia kisingizio cha maandalizi ya sherehe za uhuru za tarehe 9, wakaelekea kusini-magharibi na kuvuka Kagitumba. Rwigyema aliuawa siku ya pili. Utabiri wa kwamba utawala ungeanguka kwa msukumo mmoja haukuwa sahihi: vita vilichukua karibu miaka minne, na kabla havijakwisha yalitokea mauaji ya kimbari ya 1994, ambamo Watutsi wapatao laki nane, na Wahutu waliokataa kuua, waliangamia kwa siku mia moja. Katika miaka ya vita RPF iliishi kwa michango ya Wanyarwanda wa ughaibuni na ya matajiri wachache, na Kajeguhakwa alikuwa mmoja wa wafadhili hao.

Julai 1994 RPF ilishika Kigali. Bizimungu akawa Rais, Kagame Makamu wake na Waziri wa Ulinzi. Desemba mwaka huo lilifunguliwa Bunge la Mpito lenye viti 70, idadi ileile ya baraza la zamani. Katika Bunge hilo la mpito mfanyabiashara wa Gisenyi alikalia kiti cha RPF.

Hapa yafaa kusimama kidogo, maana neno "mbunge" laweza kumdanganya msomaji. Bunge hilo halikuchaguliwa na wananchi. Viti viligawanywa kwa vyama kufuata msingi wa mapatano ya Arusha ya Agosti 1993, nacho chama ndicho kilichomtaja mtu wake. Katika nchi iliyokuwa imejaa makaburi, yenye mamilioni ya watu nje ya mipaka, ni vigumu kuona uchaguzi ungefanywaje. Lakini matokeo yake ni kwamba mbunge hakuwa na jimbo nyuma yake. Hakuwapo mkulima wa Gisenyi ambaye angeweza kusema: huyu nimemtuma mimi. Mfanyabiashara hujua tofauti kati ya mali yake na mali ya amana. Kiti hiki kilikuwa cha amana, na mwenye amana alikuwa chama.

Miaka michache ya kwanza ilipita. Spika Joseph Sebarenzi, aliyechaguliwa na wabunge mwaka 1997, alijaribu kulifanya Bunge liwahoji mawaziri, na baadhi yao walianguka. Mwanzoni mwa 2000 mambo yalikatika kwa mfululizo. Januari Sebarenzi alijiuzulu, akaondoka nchini kupitia Uganda. Februari Waziri Mkuu Pierre-Célestin Rwigema alijiuzulu. Machi 23 Rais Bizimungu naye akajiuzulu, na Kagame akashika nafasi yake. Katika miezi hiyohiyo Kajeguhakwa, akiwa amekosana na viongozi wa chama alichokigharimia, aliachana na Bunge na kwenda uhamishoni kwa mara ya pili, safari hii hadi Marekani. Wenzi wawili wa Agosti 1990 waliishia pabaya kila mmoja kwa namna yake: Bizimungu alianzisha chama chake mwaka 2001, akakamatwa 2002, akahukumiwa miaka 15 mwaka 2004, na akasamehewa 2007.

Mwaka 2001 Kajeguhakwa alichapisha kitabu kwa Kifaransa juu ya nchi yake, kitabu chenye lawama kwa tawala zote mbili alizozijua kwa karibu. Miaka miwili baadaye Wanyarwanda walipiga kura ya wabunge kwa mara ya kwanza tangu vita, na wanawake wakapata viti 39 kati ya 80, jambo ambalo halikuwa limeonekana katika bunge lolote duniani.

Nako Nakivale? Wengi wa wakimbizi wa 1959 walirudi kwao baada ya Julai 1994, wakaacha vibanda na mashamba. Nafasi hiyo haikukaa wazi. Walikuja Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia, na pia Wanyarwanda wapya, wengi Wahutu, wakiikimbia serikali iliyoundwa na wale waliokulia katika ardhi hiyohiyo. Leo makazi hayo yana watu zaidi ya laki moja na nusu. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi na kufanya biashara, na katika vituo vya biashara vya Nakivale yapo maduka ya nguo, vinu vya kusaga mahindi, mikahawa na mawakala wa fedha kwa simu, yanayopata bidhaa zao Mbarara. Lakini ubunge wa Uganda ni wa raia, na Katiba ya 1995 inamnyima uraia wa kujiandikisha kwa haki ya kuzaliwa mtoto ambaye mzazi wake alikuwa mkimbizi. Muuza duka wa Nakivale aweza kuwa na mtaji kuliko diwani wa Isingiro na asiwe na kura ya kumchagua.

Julai 2010 Wanyarwanda waliokuwa Nakivale waliitwa wakusanyike, wengine wakiambiwa watasomewa majibu ya maombi yao ya hifadhi. Walikuta malori na polisi wenye silaha. Watu wengi walipakiwa kwa nguvu, na usiku huo walivushwa mpaka.