Unataka kwenda Zanzibar peke yako? Panga hivi ili pesa zitoshe

MBOGI imepanga safari tangu Januari. Kundi la WhatsApp lina watu 11, picha za ufuo zimetumwa hadi simu ikajaa, na siku ya kutoa malipo ya kwanza kila mtu akanyamaza. Hadithi hiyo unaijua. Ukingoja marafiki wote wawe na pesa na likizo kwa wakati mmoja, utazeeka ukitazama bahari kwenye TikTok.

Basi nenda peke yako. Na kwa safari ya kwanza ya kuvuka mpaka, huna haja ya kuota Bali au Maldives. Zanzibar iko hapo chini tu. Ni nchi nyingine, pesa nyingine na chakula kingine, lakini watu wanazungumza lugha unayoijua. Huo ni mtaji ambao mtalii wa Ulaya hana.

Lakini usidanganyike. Zanzibar inaweza kuwa rahisi na inaweza kukumaliza mfuko kwa siku mbili. Tofauti iko kwenye mipango.

Karatasi kwanza

Mkenya hahitaji viza kuingia Tanzania, lakini beba pasipoti. Kitambulisho kinachokufikisha Kampala si cha kutegemea huku. Beba pia cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Chanjo hiyo hupigwa angalau siku kumi kabla ya safari, na ukishaipata mara moja cheti hudumu maisha yako yote. Usiiache hadi wiki ya mwisho.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hulijulia bandarini. Tangu Oktoba 1, 2024, Zanzibar huwataka wageni kutoka nje wawe na bima ya safari ya Shirika la Bima la Zanzibar, kwa dola 44. Hizo ni karibu Sh5,700. Soma masharti ya raia wa Afrika Mashariki kwenye tovuti rasmi kabla hujakata tiketi ya aina yoyote, ili ujue mapema kama pesa hizo zimo kwenye bajeti yako.

Tena, usishangae ukikaguliwa pasipoti mara mbili. Zanzibar ina maafisa wake bandarini, hata kama ulishagongewa muhuri Namanga au Horohoro.

Njia ya bei nafuu

Ndege kutoka Nairobi huchukua kama saa moja na nusu. Ukiikata mapema, wakati si wa msimu, huenda bei isitofautiane sana na jumla ya basi, chakula cha njiani, malazi ya Dar na boti. Kwa hivyo piga hesabu yote, usilinganishe tiketi ya ndege na tiketi ya basi peke yake.

Kwa barabara, mtu wa Nairobi hupitia Namanga hadi Dar es Salaam. Mtu wa Mombasa hupitia Lunga Lunga na Horohoro, halafu Tanga, hadi Dar. Ni safari ya siku nzima. Basi likifika Dar usiku, utalala huko na kupanda boti asubuhi, kwa hivyo weka pesa za usiku huo. Boti ya kasi kutoka Dar hadi Unguja huchukua kama saa mbili. Kumbuka mgeni hulipa nauli ya juu kuliko mkazi, na Kiswahili chako hakitabadilisha hilo kwenye dirisha la tiketi.

Pale nje ya bandari ya Dar kuna watu watakaokuambia tiketi zimeisha na wao wanazo. Wapite. Nunua ofisini au mtandaoni kwa kampuni yenyewe.

Na mtu akikuambia kuna jahazi au chombo cha mizigo cha bei ya chini, kataa. Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander ilizama ikielekea Pemba, na Julai 2012 MV Skagit ikazama ikitoka Dar. Mamia ya watu walikufa. Ile ya kwanza ilikuwa imejaza watu kupita kiasi. Mahali pa kupunguza gharama ni kwenye chakula na malazi, si baharini.

Bei ya upweke

Hili ndilo ambalo video za safari hazikwambii: ukiwa peke yako, kila kitu kinachogawanywa kinakuwa ghali. Teksi ni yako wewe. Chumba ni chako wewe. Mashua ya kwenda kisiwa cha Changuu, kule kwenye kobe wakubwa wenye asili ya Ushelisheli, hukodiwa nzima. Mkiwa sita mnachanga, ukiwa mmoja unalipa yote.

Dawa yake ni kulala mahali penye watu wengine kama wewe. Stone Town, Paje, Jambiani na Nungwi kuna hosteli ambapo unalipia kitanda badala ya chumba, mara nyingi kati ya dola 10 na 20 kwa usiku. Jioni ya kwanza uliza nani anaenda wapi kesho. Ukipata watatu wa mashua, umeokoa pesa za siku mbili za chakula.

Kabla ya kulipia malazi, uliza swali moja: je, kodi ya miundombinu imo kwenye bei? Serikali huitoza kwa kila mgeni kwa kila usiku, na baadhi ya nyumba huiongeza mwishoni.

Kutoka mjini kwenda ufuoni, achana na teksi ukiwa na mzigo mdogo. Panda dala dala. Namba 116 inaenda Nungwi, 309 inaenda Jambiani. Utabanana na ndoo za samaki na magunia, na utachelewa, lakini nauli ni kama ya matatu ya Rongai jioni mvua ikinyesha. Uliza abiria nauli ni ngapi kabla ya kumlipa utingo.

Jua bahari kabla ya kulipa

Watu wengi huweka malazi kwa kuangalia picha, kisha wanafika na kukuta maji hayapo. Pwani ya mashariki, yaani Paje, Bwejuu na Jambiani, maji yakipwa hurudi nyuma mamia ya mita. Huogelei, unatembea. Ni pazuri kwa namna yake, kwani hapo ndipo utawaona akina mama wakihudumia mashamba ya mwani. Vaa viatu kwa sababu ya viumbe vya miiba, usikanyage kamba zao, na omba ruhusa kabla ya kupiga picha. Wako kazini.

Ukitaka kuogelea saa yoyote, Nungwi na Kendwa kule kaskazini ndiko kwako, ila bei ni juu kidogo. Au kaa mashariki na ufuate ratiba ya maji: kila siku hujaa kama dakika 50 baadaye kuliko jana. Muulize mwenyeji wako, atakwambia bila kutazama saa.

Kuhusu msimu, Julai, Agosti na Desemba bei hupanda. Masika, yaani Machi mwishoni hadi Mei, bei hushuka sana, lakini mvua ni kweli na baadhi ya hoteli hufungwa. Wakati wa Ramadhani, kula au kunywa hadharani mchana hakukubaliki, na migahawa mingi ya wenyeji hufungua magharibi. Nauli ya kwenda ni ile ile, basi chagua ukijua.

Lugha ni pesa, lakini ipi?

Hapa Wakenya wengi huanguka. Ukiingia dukani Darajani na kusema "Nipe maji, ni how much?" umejitangaza kuwa mgeni mwenye haraka, na bei itapanda. Anza na salamu. Mtu mzima mwamkie "Shikamoo", na usubiri "Marahaba". Kisha: "Naomba maji, kaka." Kama bei ni kubwa, "Nipunguzie kidogo" inafanya kazi kuliko kubishana. Hayo ni adabu, na kule adabu inahesabiwa.

Vijana watakaokufuata Stone Town wakitaka kukuonyesha njia, hoteli au mashua huitwa papasi. Wengi hawana ubaya, wanatafuta riziki. Waambie "Ahsante kaka, nimeshapanga," tabasamu, endelea kutembea.

Fedha taslimu ni muhimu. Shilingi moja ya Kenya ni kama 20 za Tanzania, kwa hivyo usishtuke ukisikia elfu kumi. Ni kama Sh500. Ile tabia ya kulipa kila kitu kwa simu, hata mahindi ya kuchoma, itakwama. Toa pesa mjini kabla ya kwenda vijijini.

Chakula kitakuokoa. Bakuli la urojo mchana linashibisha kwa pesa kidogo. Jioni Forodhani kuna mishikaki, juisi ya miwa na ile pizza ya Zanzibar inayokaangwa kama chapati iliyojazwa. Uliza bei ya kila kipande kabla hakijawekwa kwenye sahani.

Usalama wako

Mjini ni mahali watu wanaishi na kuswali. Funika mabega na magoti. Nguo za kuogelea zibaki ufuoni. Usitembee ufuoni peke yako usiku, uwe mwanamke au mwanamume. Dada anayesafiri peke yake ataulizwa mara nyingi, "Mume yuko wapi?" Si lazima ujibu ukweli. Na usimwambie mtu uliyekutana naye leo kwamba uko peke yako na unalala wapi.

Mwachie mtu mmoja nyumbani jina la unapolala, tarehe ya boti na nakala ya pasipoti. Mtumie ujumbe kila jioni, saa ile ile.

Mwisho, usisafiri kwa Fuliza wala mkopo wa programu ya simu. Siku nne za bahari hazifai kulipwa kwa miezi minne ya kupigiwa simu. Weka kidogo kidogo, na pesa ya kwanza kutenga iwe nauli ya kurudi. Iweke mahali ambapo huwezi kuigusa, hata urojo uwe mtamu vipi.