MCHUNGAJI ALIYEKATAA SHULE

Ukisikia kwamba kiongozi ameletewa shule kwa ajili ya watoto wa watu wake naye akaikataa, bila shaka utasema huyo ana wazimu. Basi tulia nikueleze habari za Mchungaji L. Francis Griffin wa mji wa Farmville, kaunti ya Prince Edward, jimbo la Virginia huko Marekani.

Griffin alikuwa mtoto wa mchungaji. Alikuwa askari wa vifaru katika Vita Vikuu vya Pili, na mwaka wa 1949 akashika kanisa lililokuwa la babake. Siku hizo sheria ya Virginia haikuruhusu watoto Weusi kusoma pamoja na Wazungu. Shule ya upili ya Weusi, Moton, ilijengwa mwaka wa 1939 kwa wanafunzi 180. Kufikia 1951 walikuwa zaidi ya 450! Na halmashauri ya elimu iliongeza nini? Vibanda vya mbao vilivyofunikwa kwa karatasi ya lami. Mvua ikinyesha vinavuja. Wakati wa baridi, aliyekaa karibu na jiko anaungua na wa nyuma anatetemeka ndani ya koti. Griffin na wazazi walienda kwa halmashauri mara nyingi kuomba shule mpya, wakarudi na ahadi tu. Na ahadi haiezeki paa.

Waliochoka kwanza ni wanafunzi. Tarehe 23 Aprili 1951, msichana wa miaka 16, Barbara Johns (rika langu kabisa!), aliongoza mgomo. Mwalimu mkuu alipigiwa simu ya uongo ili atoke shuleni, wanafunzi wakaitwa ukumbini, Barbara akawahutubia, wakatoka. Si migomo ile ya kuchoma mabweni tunayoisikia. Kiongozi mwingine angewafukuza warudi darasani. Griffin aliwafungulia kanisa wafanyie mikutano, na mawakili wa chama cha NAACP wakaja. Hao mawakili walisema wazi: hatushtaki ili mjengewe jengo jipya, tunashtaki ili ubaguzi wenyewe uondoke. Wazee wengine waliogopa. Griffin alisimama na wanafunzi. Kesi yao ikawa mojawapo ya zile zilizoamuliwa pamoja mwaka wa 1954 kwa jina la Brown, ambapo mahakama kuu ya Marekani ilisema kutenganisha watoto shuleni ni kinyume cha katiba.

Sasa hapa ndipo mambo yalichacha. Mwaka wa 1959 kaunti iliamriwa kuwachanganya watoto, nayo ikakataa kutoa pesa za shule za umma. Shule zote zikafungwa, yaani zote! Wazungu wakaanzisha akademia yao ya kibinafsi. Watoto Weusi wapatao 1,700 wakabaki nje. Baadaye Wazungu wakajitolea kuwaanzishia Weusi shule ya kibinafsi pia. Aliyeomba nafasi ni mtoto mmoja tu.

Mbona wakatae? Shule ya kibinafsi ina mwenyewe, na mwenyewe akiamka vibaya anaifunga. Isitoshe, kama Weusi wangeikubali, kaunti ingeiambia mahakama kwamba kila mtoto ana mahali pa kusoma, na deni lake la kusomesha raia lingekwisha. Griffin alifungua vituo makanisani ambako watoto walisoma kidogo na kucheza, lakini akakataa kata kata viitwe shule.

Mimi namuunga mkono, ila gharama yake si mchezo. Wengine walipelekwa kwa jamaa mbali, wengine wakaenda kufanya kazi mashambani, na wako ambao hawakurudi darasani kamwe. Shule za muda za wafadhili, zilizosaidiwa na serikali ya Rais Kennedy, zilikuja Septemba 1963. Aliyekuwa na miaka 6 shule zilipofungwa alikuwa tayari na miaka 10. Wala Griffin hakuwaficha watoto wake. Wao wenyewe walikuwa miongoni mwa walalamikaji, na ndiyo sababu kesi inaitwa Griffin mpaka leo. Tarehe 25 Mei 1964 mahakama kuu iliamua kwamba kaunti haiwezi kufunga shule za umma ili kukwepa sheria.

Milango ilifunguliwa Septemba mwaka huohuo. Karibu wote walioingia walikuwa Weusi. Wazungu wengi walibaki kwenye akademia yao, wakilipa karo.