Chai na Gita Lake: Vita vya Kufuata Mdundo

Mcheza kwao hutuzwa, walinena wahenga. Hawakutuambia kwamba mtu aweza kutuzwa mwezi huu na mwezi ujao akafungiwa karakana. Hayo ndiyo yaliyowafika mafundi wa Tango Gameworks wa mjini Tokyo, Japani, waliotengeneza mchezo wa video uitwao Hi-Fi Rush, na ndiyo yaliyonifanya niishike kalamu.

Nawajua wazazi wengi hapa pwani ambao wakisikia habari za michezo ya video hukunja uso. Siwalaumu. Mingi ni mauaji matupu, na kijana akishaketi mbele ya kioo hasikii adhana wala mwito wa mamake. Lakini huu una jambo la kuzungumzwa, na ajuaye kirumbizi cha Lamu atalifahamu upesi.

Katika kirumbizi, wawili huingia uwanjani na fimbo zao huku ngoma ikilia. Hawapigani ovyo. Fimbo hupigwa kwa mdundo na hukingwa kwa mdundo. Aliyepotea mdundo, hata awe na nguvu za fahali, hapendezi machoni pa watazamaji.

Hi-Fi Rush umejengwa juu ya msingi uo huo. Shujaa wake ni kijana aitwaye Chai. Naam, Chai, na miongoni mwa wenzake yumo roboti mwenye jina la mdalasini! Mkono wake wa kulia hauna nguvu, basi ajitolea kwa kampuni kubwa iitwayo Vandelay ili atiwe mkono wa chuma. Kwa ajali, chombo chake cha kusikilizia muziki chatiwa kifuani mwake. Tangu hapo dunia nzima kwake huenda kwa mdundo. Kampuni yamwita kasoro na kutuma maroboti kumkamata, naye ajitetea kwa gita la vyuma chakavu.

Nyayo za Chai, miti, mitambo na mapigo ya adui, vyote hufuata muziki. Mchezaji akibonyeza kitufe sawasawa na mdundo, pigo huwa zito zaidi. Akichelewa kidogo, pigo bado hutua penye mdundo, ila hapati ziada. Hapo ndipo uliponipendeza. Michezo mingi ya muziki humwadhibu akoseaye. Huu humshika mkono, kama mpiga ngoma mzee anavyomvumilia mwanagenzi.

Karakana hiyo ilianzishwa mwaka 2010 na Shinji Mikami, na sifa yake ilikuwa ni michezo ya kutisha, kama The Evil Within wa mwaka 2014. John Johanas ndiye aliyeongoza kazi hii mpya ya rangi na vichekesho. Tarehe 25 Januari, 2023, mchezo ulitangazwa na kuuzwa siku hiyo hiyo, bila mbiu ya mgambo. Ulivuta wachezaji zaidi ya milioni 3. Desemba 2023 ulipata tuzo ya ufundi wa sauti katika The Game Awards, na Aprili 2024 tuzo ya BAFTA, Uingereza, kwa michoro yake.

Tarehe 7 Mei, 2024, Microsoft, waliokuwa wenye mali, wakatangaza kuifunga karakana. Hebu fikiri, msomaji: watu wanasimulia kisa cha kampuni inayomtupa mtu, kisha wao wenyewe wanatupwa! Agosti mwaka huo Krafton ya Korea Kusini ikatangaza kuichukua karakana pamoja na haki za mchezo wenyewe. Kazi ikaokoka, lakini mafundi walikwisha kuonja miezi mitatu ya wasiwasi.

Nasema haya kwa vijana wetu wa Mombasa, Malindi na Lamu wanaojifunza kompyuta. Ngoma tunazo, fimbo tunazo, na visa vya kusimulia havitakwisha. Siku mtakayoamua kukitia kirumbizi kiooni, jifunzeni mdundo kwa wazee wanaoujua. Na kabla ya kutia sahihi karatasi ya mtu, ulizeni kwanza ngoma hiyo itakuwa mali ya nani. Sifa na tuzo hazimlindi fundi asiyemiliki ngoma anayoipiga.